Kesi ya Chiriku Ng'ambo ya Daraja

Juu ya Duka la Vioo,
Chumba Namba 9.
Jumapili, 14 Septemba.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti lako siku hizi linakubali kupanda ngazi bila ugomvi. Sisi huku tunapumua. Nikisema hatujambo kabisa nitakuwa nakudanganya, na wewe ndiye uliyenilea ukisema njia ya mwongo ni fupi.

Cherehani yangu bado inakwenda. Wateja wapo, na kila mmoja huapa kwamba hajanenepa, ila nguo ndiyo iliyosinyaa.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Linamhusu mdogo wangu, Chiriku wetu. Unajua jina hilo alilipata kwa sababu mdomo wake haukuwahi kupewa likizo. Mwezi uliopita alinyamaza ghafla. Tukadhani ni uchovu, maana pale kiwandani anakofua mashuka ya hoteli, ng'ambo ya daraja, zamu ni ndefu.

Kumbe siyo. Nimetafuta neno laini la kukuandikia, sikulipata. Msimamizi wa zamu alimwita stoo ya mashuka masafi, akafunga mlango, akambaka.

Hakumwambia mtu. Kesho yake aliniletea sare yake ya kazi, akasema imenaswa kwenye mashine. Vifungo vitatu vimeng'oka, mshono wa bega umeachia. Mimi kwa wema wangu nikashona, nikafua, nikapiga na pasi. Aliponieleza ukweli, siku tisa zilikuwa zimepita. Nilikaa sakafuni. Shangazi, ni mikono yangu mwenyewe iliyosafisha ushahidi, na hata sasa sijui nijisameheje.

Tulianzia zahanati. Muuguzi alimpokea vizuri, akampima, akampa dawa, akatuambia matibabu hayasubiri polisi. Aliandika alichokiona, akaliacha la kushitaki mikononi mwa Chiriku. Kutoka hapo tukaenda kituo cha polisi cha mtaani kwetu. Askari wa zamu akasema kosa limetendeka ng'ambo ya daraja, jimbo jingine, sheria nyingine, twende huko. Huko nako wa kwanza kutupokea akauliza mbona tumechelewa. Nilirudi nyumbani kichwa kama kimejazwa pamba.

Jirani akatuelekeza kwa mwanasheria mmoja, mama mpole anayesaidia watu bure katika chumba nyuma ya duka la dawa. Alieleza taratibu, nami nikaandika kwenye daftari langu la vipimo, ila nikisoma leo sijui kipi ni sheria na kipi ni kiuno cha mteja. Nilichoshika ni hiki: kosa hushitakiwa kwa sheria ya kule lilikotendeka, si ya kule tunakolala, na kwa sheria ya kule siku tisa si kitu. Hiyo ni kesi ya serikali, Chiriku ataitwa kama shahidi. Mbali na hiyo anaweza kudai fidia, hata kwa kiwanda, ila madai ya namna hiyo yana ukomo wa miaka. Anaweza pia kuomba mahakama imzuie yule mtu kumkaribia, hata kabla kesi haijasikilizwa. Au anaweza kuyaacha yote. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa zaidi. Mimi nilidhani sheria ina mlango mmoja tu.

Nilimuuliza kuhusu sare. Akasema maneno ya Chiriku mwenyewe ni ushahidi, na hata mimi niliyeishona naweza kueleza nilichokiona. Nilifarijika nusu. Nusu nyingine bado inanisumbua.

Nyumbani nako hakukaliki. Ndugu wa yule msimamizi walikuja kwa Baba wakaomba yaishe kifamilia, na Baba hakuwafukuza. Anasema kesi itamvua binti yake nguo mara ya pili, mbele ya watu. Mama haegemei upande wowote. Mwanasheria anasema Chiriku ni mtu mzima, na makubaliano ya wazee hayafuti jinai. Nami nikawa bendera fuata upepo: asubuhi namwambia ashitaki, jioni namwambia apumzike. Jumanne akaweka kikombe chini, akanitazama.

"Dada, usinichagulie. Nisindikize tu."

Nikamsindikiza hadi kituo cha ng'ambo. Safari hii alipokelewa na askari wa kike, wakakaa saa mbili na nusu, mimi niko kwenye benchi nje nahesabu vigae. Alitoka na namba ya kesi kwenye kipande cha karatasi, akasema ana njaa. Ijumaa mahakama ikatoa zuio la muda. Yule mtu amehojiwa, yuko nje kwa dhamana. Suala la fidia Chiriku amesema ataliamua baadaye. Kesi itakwendaje sijui, na mwanasheria naye hakutaka kuahidi.

Ndiyo maana nakuandikia. Baba hana anayemsikiliza isipokuwa wewe, dada yake. Zungumza naye. Sikuombi umbadilishe mawazo. Aende tu na binti yake siku ya mahakama, akae pembeni yake.

Na Chiriku ukimpigia, tafadhali usimuulize ilikuwaje. Ameshasimulia mara nne, kwangu, kwa muuguzi, kwa mwanasheria na kwa askari, na kila mara hurudi amechoka kama aliyeshinda akipakua magunia. Aongee atakacho. Akinyamaza, usikate simu.

Nisalimie mumeo Fundi Redio, mapacha wako, na yule jirani yako mshona viatu. Mama anakusalimu, Baba pia, ingawa hajui kama ninaandika. Mola akuzidishie afya na akupe maneno ya kumwambia kaka yako, maana mimi yangu yameniishia.

Ni mimi nikupendaye siku zote,
Binti wa kaka yako, Mama Sindano