Nyama Upande wa Pili wa Sahani

Jumatatu, 4 Machi 2024

Leo nimetimiza miaka thelathini na tisa nje ya nchi yangu. Mke wangu anajua. Tulikunywa chai.

Habari kubwa ni viatu. Nimefunga kamba mwenyewe! Nimeinama, nikazifikia, nikafunga, nikainuka bila kushika ukuta. Kwa miaka mingi mke wangu amepiga magoti mbele yangu kila asubuhi: "Lete mguu, bwana harusi." Leo alisimama mlangoni tu, ananitazama. Kisha akaenda jikoni, nikamsikia anapenga kamasi.

Tangu Novemba, daktari alipoondoa sehemu kubwa ya tumbo langu na kuniachia kifuko chembamba kama ndizi, nimeshuka kutoka kilo mia moja arobaini na moja hadi mia moja kumi na mbili. Nawashukuru waliokata. Namshukuru zaidi aliyeniuguza.

Jioni mdogo wangu alipiga simu kutoka nyumbani. Amekipaka rangi chumba changu. Mwezi wa saba, kaka, akasema, na usiniletee tena habari za magoti. Miaka yote nimemjibu kwamba mwili huu haupandi ndege. Sasa utapanda. Nikishuka chini ya mia kabla ya Juni, nakata tiketi. Nimemwahidi.

Jumatano, 6 Machi

Dukani. Bado nakwenda siku chache kwa wiki kujalidi vitabu — kushona kurasa, kubandika migongo. Tajiri wetu, tunayemwita Gundi, alinitazama ninavyoingia. "Mzee, hiyo suruali ina nafasi. Mpangaji wa pili anahamia lini?" Nikamwambia anatafuta kwanza wa kumdhamini. Duka zima likacheka.

Ana haki. Ngozi ya mikono inaning'inia: jalada la kamusi juu ya kijitabu cha kurasa thelathini.

Mchana, kizunguzungu. Nilikuwa nakaza parafujo ya kibanio cha vitabu, ile ile ya miaka yote, na mkono ukakataa. Gundi akaikaza, akasema labda ina kutu. Mtu mwema. Haina kutu, naipaka mafuta mwenyewe.

Asubuhi nilikula vijiko viwili vya mtindi. Nilihisi nimeshiba. Au nilitaka kuhisi hivyo — Juni si mbali.

Nywele kwenye mto. Nyingi.

Jumapili, 10 Machi

Mimi na mke wangu tunakula sahani moja. Ilianza tulipofika huku: chumba kimoja, godoro moja, sahani moja ya bati. Baadaye kabati lilijaa sahani, lakini mikono ilikwisha kuzoeana. Watoto walitucheka mpaka wakaoa na kuolewa.

Leo samaki, maharage, mboga. Amri ya hospitali: protini kwanza, tafuna mpaka iwe uji, maji baada ya nusu saa. Nilitafuna kidogo. Alipogeuka kuchukua chumvi nikamsogezea mnofu mkubwa upande wake. Amehangaika nami mno, na ale.

Mwisho mnofu ukabaki. "Malizia," akasema. — Malizia wewe. — "Nimeshiba, haki ya Mungu." Ukarudi sufuriani.

Jumanne, 12 Machi

Kliniki. Siku ya aibu, na ya kicheko.

Mtaalamu wa lishe ni binti mwenye miwani mikubwa, umri wa mwanangu wa mwisho. Nimepungua kilo nane kwa mwezi! Nilidhani atanipigia makofi. Akasema, "Baba, kunja mikono kifuani, kisha uinuke kitini." Sikuweza. Nikajaribu tena. Sikuweza.

"Huo si mwendo mzuri. Unakula misuli yako mwenyewe. Ukiendelea hivi nakurudisha wodini, na dripu juu. Unakula nini?"

Nikajibu kwa fahari: nusu ya sahani. Nakula na mwenzangu, yule pale.

"Nusu unaijuaje?"

Nikasema, nyama naona inapungua.

Akamgeukia mke wangu: Mama, hebu sema wewe, anakula nyama huyu?

"Sana. Namsogezea mwenyewe akitazama pembeni. Vipande vyangu vyote. Si yeye ndiye mgonjwa?"

Masikio yakaniwaka moto. "Wewe unanisogezea? Mimi ndiye ninayekusogezea wewe!"

Kisha yule binti akavua miwani, akacheka mpaka akashika meza. Kumbe miezi yote hii nyama ilikuwa inakwenda na kurudi kama mshenga, na ndoa haifungwi! Jumapili samaki, Jumatatu samaki yule yule.

Tukacheka sote. Binti akafuta macho, akasema, "Haya, mama, panda mzani na wewe."

"Mimi sikuja kupimwa. Mimi msindikizaji."

"Msindikizaji naye ana miguu, mama yangu."

Akapanda. Ukilinganisha na uzito anaoukumbuka wa mwaka jana, amepungua kilo kumi na moja. Bila kisu.

Kicheko kikaisha. Sketi yake imebanwa kwa pini kiunoni. Mimi naona ukurasa uliopinda kwa upana wa unywele. Pini ile sikuiona.

Amri mpya: sahani mbili, kila mtu na yake. Milo midogo mara tano. Kilo moja kwa wiki mbili inanitosha, na isizidi sana. Nikauliza, na Juni je? Akauliza, Juni kuna nini? Hesabu niliifanya mwenyewe ndani ya basi: Juni itanikuta bado juu ya mia.

Jumatano, 13 Machi

Sahani mbili. Tulikaa kama wageni hotelini. Yeye na yake, mimi na yangu, katikati chumvi. Mkono wake ukainuka na nusu ya yai kuja kwangu.

"Mkono wako kwako," nikamwambia.

"Na jicho lako kwako!"

Tukala. Nilichukua muda mrefu, lakini nilimaliza: yai, kuku kiasi cha kiganja, maharage. Yeye alimaliza kabla yangu. Sijui mara ya mwisho nilimwona lini akila kwa njaa.

Sahani zilipokuwa tupu akaniuliza: hiyo safari ya mwezi wa saba, mimi uliniuliza?

Nikasema, si nyumbani kwetu?

"Kwenu. Wewe una ndugu anayekupakia chumba rangi. Wangu mimi hakuna aliyebaki wa kunifungulia mlango. Wajukuu wako huku." Akaisogeza chumvi kando. "Nilikuona unapungua mbio mbio, nikajua unaikimbilia ndege. Na mimi chakula kikawa hakipiti."

Akachukua sahani zote mbili, akaosha, akafuta meza kwa kitambaa. Nilikaa pale pale mpaka meza ikakauka.

Jumamosi, 23 Machi

Mia moja na tisa na nusu. Haba na haba hujaza kibaba; changu kinamwagwa haba na haba.

Yai asubuhi. Mtindi saa nne. Samaki mchana. Vidonge vya vitamini vikubwa kama vifungo vya koti. Sina njaa, lakini nakula, kwa sababu ni saa ya kula. Sikujua kushiba ni kazi ya kujifunza uzeeni. Nashukuru kwa yai. Nashukuru kwa meno yangu yaliyobaki.

Leo nimeinuka kitini, mikono kifuani! Mke wangu alipiga kigelegele, jirani akagonga ukuta. Mashavu yake yanaanza kurudi.

Nimejaribu kukumbuka dirisha la chumba kile cha nyumbani linatazama wapi. Uani? Njiani? Nimeshindwa. La jikoni hapa nalijua nikiwa nimefumba macho: kamba ya nguo za jirani, paa la gereji, bati moja lenye kiraka cha lami. Sikulichagua. Nimelitazama kuliko kitu kingine chochote duniani, isipokuwa uso mmoja.

Ijumaa, 5 Aprili

Naandika mezani, daftari kando ya sahani. Kuku, maharage, karoti. Nimefika nusu. Mke wangu ameketi mbele yangu, anatafuna, haniharakishi.

Simu inalia. Mdogo wangu.

"Pokea," anasema. "Mtu wa mbali haachwi akilia."

Nimemwambia, nikimaliza kula.

"Atauliza tiketi."

Najua. Imenyamaza. Sasa imeanza tena — yule hajawahi kuchoka, tangu utoto. Sitamsingizia tena mwili huu. Nitamwambia magoti ni mazima, uzito unashuka kama unavyotakiwa, na ndege ingenibeba. Nitamwambia chumba akipangishe. Atauliza kama nimemkasirikia. Mke wangu ameacha kutafuna, anaitazama simu, hanitazami mimi.

Bado vijiko vitatu. Kisha nitampigia. Sitarudi.