Matumbawe Chini ya Ukuta

Kisiwani, Langalanga
Jumatatu

Mdogo wangu Maebiru,

Ukuta wa kisiwa upande wa kaskazini, ule unaozuia bahari, umeanguka, pima nane nzima, Jumatano baada ya Pasaka. Nimelitanguliza hilo usije ukasema nilikuzungusha. Sasa salamu. Hujambo huko Honiara? Shemeji na watoto hawajambo? Mimi mzima, ila mgongo.

Mwaka jana ulimruhusu yule mchoma chokaa ang'oe matumbawe yaliyo chini ya ukuta. Nilikukataza. Ukacheka kwenye simu, ukasema dada we, jiwe ni jiwe, kwani litalia? Na watu watafune tambuu kwa chokaa gani? Shangazi Belida akakuunga mkono, akaniambia nimekosa mume, sasa nimeolewa na mwamba.

Lakini mama alitufundisha sote wawili, maji yametufika kifuani. Mawe ya ukuta yamekufa, alisema, jiwe likipasuka limepasuka. Tumbawe la chini linakula. Usiku hutoa vidole likanasa chakula. Linavuta pumzi, linatoa uchafu, linazaa, na msimu wake ukifika maji hujaa mayai mekundu. Ukamwambia mbona haliendi popote. Akakujibu hata mti hauendi, ila hugeuka kufuata jua. Tena linakua, unene wa kidole kwa mwaka, likiyashika yale mawe maiti yasitawanyike. Ndiyo maana wazee waliyapanda matumbawe pale. Uliyasikia haya, Maebiru. Wewe ndiye uliyekuwa ukiyagusa makusudi, uyaone yakijikunyata.

Mchoma chokaa alijaza mitumbwi sita. Upepo mkali wa kwanza tu, mawe yakaporomoka kama viazi kwenye gunia lililotoboka. Sasa maji yakijaa yanafika kwenye kaburi la mama.

Nimeanza kupanda upya. Nimefunga vipande arobaini kwa kamba, ishirini na tisa vimeshika. Mawe ndiyo siyawezi peke yangu.

Na hapo kuna jambo nimekuficha. Nikisema peke yangu, ni peke yangu kweli. Shangazi Belida alihamia Auki tangu Januari, na watu wa zile nyumba tatu zilizosalia wakamfuata. Kila nilipokuandikia kwamba wote hapa wanakusalimu, wote hao walikuwa mimi. Jioni napika gimbi moja. Kisha nashuka majini kuvigusa vile vipande, kwa sababu nikivigusa vinashtuka, na siku nyingine hicho ndicho kitu pekee kinachonijibu.

Wewe simu hupokei, na hii ni barua ya tatu bila jibu. Chenye uhai kikiguswa hushtuka. Nimekugusa.

Wabusu watoto. Salamu za huku ni zangu tu.

Kabla ya Jumapili ya Pentekoste nataka neno moja: unakuja tuinue ukuta, au nimfukue mama nihame naye?

Dada yako,
Afunia