Ngoi Ameshuka Mulimani

Papa wangu,

Munara wako haupo tena. Ninaanza na hilo sababu najua njo utakaloniuliza kwanza, hata mbele ya kuuliza habari za mutoto. Mvua zilipasua ule upande wa ziwa, watu wa biro ya serikali wakasema utaangukia wachunga mbuzi, wakaubomoa. Mawe yanabebwa kwa kamiyo, lori la biro, yanamwagwa kwenye barabara ya bandarini. Nikienda soko ninayakanyaga. Ninakanyaga polepole, Papa.

Lakini jioni macho yangu yanaurudisha pale pale juu ya mulima. Hata mume wangu. Siku moja alikuwa anarudi kuvua, akauona umesimama, akaelekezea mutumbwi kwake kama zamani, akafika vizuri. Alipofunga kamba njo akakumbuka. Siku ile hakula samaki, kwa huzuni.

Unakumbuka ulivyokuwa unanipandisha kule? Wazungu waliujenga kwa ajili ya askari wao waliokufa katika vita ya hapa ziwani, majina yao wakayaandika kwenye kibao. Mawe mulipanga ninyi, wewe na rafiki yako Ngoi, mutu wa Kabalo, aliyeanguka kutoka kwenye miti ya kupandia, akafa kazi ikiwa karibu kuisha. Hakuna aliyejua ukoo wake. Ulikuwa unaweka mukono kwenye jiwe na kumusalimia: Ngoi, uko muzima? Angalia mutoto wangu amekua. Mimi nilikuwa ninacheka. Ukaniambia, "Cheka tu. Wale wana kibao. Huyu ana mimi."

Halafu na wewe ukaenda. Nilikuwa na mimba, na kila aliyekuja kulia kwetu aliangalia tumbo langu akasema, Kisimba anarudi. Nami niliamini. Mutoto akipiga teke nilikuwa ninasema, Papa, polepole.

Alizaliwa mutoto wa kiume, siku zilezile za kubeba mawe. Akakataa titi langu. Alilia kwa sauti ya mutu mukubwa aliyechoka. Shangazi Feza akasema anatafuta jina lake, tumuitie marehemu wetu, akisikia jina lake atanyonya. Nikamuweka kifuani. Shangazi akaanza na wewe: "Kisimba, kama ni wewe, nyonya."

Aligeuza uso, Papa.

Shangazi akarudia. Akaita mababu, akaita wajomba, akaita hata yule aliyekufa maji kule Mpala. Wapi. Midomo ya mutoto ilikuwa imekauka. Shangazi akaishiwa na majina, na unamujua Shangazi, huyo haishiwi maneno hata kanisani. Inje kamiyo ikapita na mawe, ukuta ukatetemeka, na sijui nani alinifungua kinywa. Nikasema, "Ngoi."

Akanyonya. Akanyonya kama mutu aliyetoka Kabalo kwa miguu.

Shangazi alikasirika sana. Jina la mutu asiye na ukoo, tutalipeleka wapi? Kisha akasema neno ambalo tangu siku ile linanifuata jikoni na mutoni: "Umeingiza mugeni nyumbani, na baba yako umemuacha inje."

Je, nimekuacha inje, Papa? Nilikutaka wewe. Nilikuwa nimekuandalia kila kitu, mupaka kitambaa cha buluu cha kukufunika. Mara nyingine mutoto anaacha kunyonya, anageukia mulima, pale pasipo na kitu, anatulia kama anayeitwa, na mimi ninamukaza kifuani. Kisha anacheua maziwa kwenye bega langu, anakuwa tena mutoto tu, mwenye harufu nzuri, na ninacheka peke yangu.

Nimewaza sana. Wewe mezani hukuwahi kugusa ugali kabla mugeni hajaanza. Njo hivyo nimeamua kuamini: ulikuwa mulangoni na yeye, munara wamemubomolea, hana pa kwenda, ukamuambia, pita wewe kwanza. Shangazi aseme atakavyo. Hiyo ni tabia yako kabisa.

Basi lala, Papa. Rafiki yako nitamulea, nitamusomesha, na akiulizwa ukoo wake atataja wetu. Ameanza kunenepa mashavu. Mimi bado kijana, Mungu akipenda nitabeba mimba nyingine. Siku hiyo tafadhali, usimupishe mutu.

Mutoto wako,
Mwamini