Papa, Wameniambia Nikagombee Kwetu

Papa wangu,

Leo nina hasira ya kupasua kifua, na sina mwingine wa kumwambia, hata kama umelala miaka mingi.

Unakumbuka ulivyocheza? Kila asubuhi kabla ya kazi, karani mzima wa mgodi, unakata kiuno kwenye uwanja wa kampuni ukimsifu Kiongozi. Chama kilikuwa kimoja, na hata mtoto wa tumboni alikuwa mwanachama. Unga, dawa na madaftari ya shule tulipewa na kampuni. Tulishiba, lakini nyumbani ulifunga kwanza dirisha ndipo ukasema neno.

Halafu redio ikatangaza vyama vingi. Ee, Papa! Ulinunulia watu wa avenyu yetu nzima bia. Jirani yetu Kaseba alikukumbatia huku analia: "Karani, sasa tutasema!"

Na kweli, Kaseba na wenyeji wenzake wakasema. Neno la kwanza lililowatoka lilikuwa: "Watu wa Kasai, murudie kwenu." Kwetu wapi? Babu aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba, wewe ulizaliwa hapa Likasi, na mimi pia. Uhuru tuliungojea pamoja, wao wakautumia kutufukuza! Kaseba yuleyule alisimama mlangoni petu na vijana wa chama chake kipya. Ulimuuliza polepole, "Kaseba, miye niende wapi?" Akawapisha vijana watutoe. Tukalala stesheni tukingoja treni, wiki baada ya wiki, mpaka homa ikakuchukua. Treni ya Kasai ilipofika, Mama alikataa kupanda na kuliacha kaburi lako.

Mambo yamebadilika kidogo kidogo, sikatai. Dirisha siku hizi naacha wazi, na vyama ni vingi kuliko vibanda vya simu. Nauza samaki wa ziwa Tshangalele, na wenzangu wa soko wameniomba nigombee ukonseye wa komini, yaani udiwani. Jana wakanisindikiza kwenye ofisi ya chama. Kijana mwenye tai akasoma jina langu, akatabasamu.

"Mama, hili jina ni la Kasai. Weye ukagombee kwenu, kule utashinda."

Hata hakunitukana, Papa. Alidhani ananisaidia!

"Kijana," nikamwambia, "mutu anazikwa kwao. Papa yangu mulimuzika hapa. Andika jina."

Akaweka kalamu chini. Wauza samaki wakaanza kugonga meza yake: "Andika! Andika!" Akaandika.

Sijui kama nitashinda. Lala, Papa. Uko kwenu.

Binti yako