Shingo Iliyokataa Kugeuka

Mwende mjukuu wangu,

Huku Muthetheni tuko wazima, na mbaazi zimetoa maua. Unauliza kama mimi pia misuli ya shingo iliwahi kunitesa kama inavyokutesa wewe.

Nilipoolewa nilibeba maji kwa mukwa, ule ukanda wa kichwani, nikificha maumivu kwa miezi. Siku moja nikakutana na baba mkwe njiani. Mila yetu ilitaka nigeuze uso, nimpishe. Shingo ikakataa. Nikabaki nimemkodolea macho mzee wa watu! Hata leo naona haya.

Akanipisha yeye, akaingia miibani. Mama mkwe akanipumzisha, akawa ananikanda kwa maji moto na kuninyoosha shingo polepole, mpaka ikalegea.

Unasema unaona aibu kumwambia mkubwa wako kazini kwamba shingo inakuuma. Mimi nilinyamaza mpaka mzee akaingia miibani.

Susu yako