Mtihani wa Hesabu na Kilio cha Baba

Ruashi, Lubumbashi

Yaya Mwewa,

Nakuamkia, kaka yangu mkubwa, na mama yetu aliye kwenye mkeka wa kilio. Je, anakula? Kifua kinamwacha alale? Simu zangu hupokei, basi nimempa barua hii mama mmoja anayekuja Pweto kuchukua samaki wakavu. Yeye hutamfukuza, maana ni mteja wako.

Uliponipigia asubuhi ile kuniambia baba amekufa, nilikuwa mlangoni, kalamu mkononi, naelekea kwenye mtihani wa hesabu wa darasa la watu wazima la parokia. Ulisikia neno mtihani tu, ukapiga kelele: "Baba alisha kufa, na weye uko unawaza calcul? Usirudie tena huku!" Ukakata. Kweli, sikupanda lori. Kwa barabara ile na mvua hizi, nilijua mtamzika kabla sijafika. Na bila cheti cha shule ya msingi nitabaki kupiga deki kwenye kituo cha afya mpaka nizeeke. Baba mwenyewe, aliyenitoa shuleni nikakaushe samaki, ndiye aliyenisukuma nirudi kusoma. Nikaenda, macho yamevimba, nikaketi na akina mama wenzangu.

Swali la pili lilisema: baba ana miaka hamsini, binti yake ana ishirini, baada ya miaka mingapi umri wa baba utakuwa mara tatu ya ule wa binti? Nikapiga hesabu, nikapata tano chini ya sifuri. Yaya, nilikasirika. Nikafuta, nikaanza upya, ikatoka tano ileile chini ya sifuri. Nikafuta tena hadi karatasi ikatoboka. Sikulitaka jibu hilo. Nilitaka yule baba awe na miaka mbele yake. Karatasi zilipokusanywa, maswali yaliyofuata yote sikuwa nimeyagusa.

Nje, mwalimu wetu alinishika bega. "Maman Odile, ulipata bien, jibu lilikuwa sawa! Ni miaka tano ya nyuma, ilisha kupita. Juu ya nini ulifuta?" Nililia palepale mbele ya watu, kilio ambacho ningelilia huko kwenu.

Matokeo yalitoka jana. Nimeanguka. Cheka kama unataka, kwa hilo sitakukasirikia. Baba sikumzika, na cheti sina.

Nisalimie wifi yangu, mke wako, anayewapikia wageni wote hao wa kilio, na mtoto wenu aliyepewa jina la baba. Mama mwambie namwombea kila jioni, na asikae kwenye baridi.

Yaya, siku ya kumaliza kilio usinifiche. Nitakuja. Ukinifungia mlango nitakaa uani na wanawake, nitaosha masufuria, sitasema neno. Lakini kaburini mniache nifike. Hata mimi ni mtoto wake.

Mdogo wako,
Odile