Sauti ya Bibi Nyuma ya Neno la Siri

Ijumaa jioni, Mikumi. Mvua imekatika, gauni langu limejaa matope mpaka kiunoni, na furaha niliyo nayo hainiruhusu hata kwenda kuoga.

Nimeingia! Nimeingia kwenye kompyuta yangu mwenyewe.

Kesho ni send-off ya mdogo wangu Neema, hapa hapa kwenye gesti ya mjomba. Bibi mzaa mama hatakuwepo. Yuko Malolo, miguu inamsumbua, na mvua imeikata barabara. Kwa bahati nilishakwenda kwake kabla ya mvua nikamrekodi akimbariki Neema, nusu kwa Kiswahili, nusu kwa lugha ya nyumbani. Sauti nikaihamishia kwenye kompyuta, kisha nikaifuta kwenye simu kwa sababu simu ilijaa.

Nakala moja tu. Mimi, ninayewahubiria wateja wa duka langu pale Magomeni ya Kilosa kila siku watunze nakala mbili.

Jumanne Linux, mfumo unaoiendesha kompyuta yangu, ikaniambia kuna toleo jipya. Ningeweza kusubiri shughuli ipite, lakini nikiona kitu kipya mkono unaniwasha. Nikabonyeza. Ilipomaliza, kompyuta ikawaka na maandishi meupe kwenye skrini nyeusi, bila picha, bila madirisha. Nikafuata ushauri wa mtu nisiyemjua mtandaoni, nikayawasha madirisha kwa nguvu za root, yule mkubwa wa mfumo ambaye hakatazwi kitu. Yakafunguka. Nikajiona fundi kweli kweli, nikazima, nikaenda zangu kupika.

Tangu hapo, kila nikiandika neno la siri, skrini inapepesa kidogo halafu inanirudisha palepale pa kuandika neno la siri. Haisemi nimekosea. Ni kama kupiga hodi, ukaambiwa karibu, na ukivuka kizingiti unajikuta nje tena.

Mjomba akapata habari. Kwetu neno la mjomba likishatoka limetoka, na shughuli hii msimamizi ni yeye. Akasema Ijumaa atapita na pikapu aichukue kompyuta, ampe fundi wake wa Mikumi, maana wageni watataka muziki. Namjua yule fundi. Dawa yake ni moja: kufuta kila kitu na kupiga Windows upya. Nilipomwambia mjomba kwamba na Bibi atafutwa, akajibu kuwa Bibi atapigiwa simu. Mtandao wa Malolo na mvua hii? Niliogopa, nakiri. Niliogopa mpaka chakula kikanishinda.

Leo asubuhi nikajifunza kwamba ukibonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja unapata mlango mwingine, wa maandishi matupu. Nikaandika jina na neno la siri. Ikanipokea! Nikaomba kuona mafaili yangu yote, hata yaliyofichwa, pamoja na wenye nayo. Yote yalikuwa kwa jina langu isipokuwa moja, .Xauthority, kijifaili kinachotoa ruhusa ya madirisha kufunguka.

Mwenye nalo: root.

Kumbe nilijipalia makaa mwenyewe. Siku ile nilipoazima nguvu za mkubwa ili nifungue mlango wangu, ufunguo ulibaki kwa mkubwa. Sasa ikabidi nimwombe mkubwa huyohuyo anirudishie. Nikaandika amri ya kubadilisha umiliki, mstari mmoja tu, nikawasha upya. Honi ya pikapu ikalia nje.

Mjomba akaingia, nikamwamkia, akaitikia marahaba huku mkono umeshafika kwenye waya wa umeme. Nikamwomba dakika moja. Neno la siri. Skrini ikapepesa, kisha picha ya mlima wetu ikatokea na mafaili yangu yote juu yake. Nilifungua sauti ya Bibi, nikapandisha spika.

Bibi akakohoa, kile kikohozi chake cha kuanzia mazungumzo.

Mjomba akaachia waya. Akavua kofia.

"Shikamoo, mama," akaiambia kompyuta.

Sikucheka, naapa. Alisikiliza amesimama mpaka mwisho, kofia mkononi, kwa sababu mama yake alikuwa anaongea. Ilipokwisha akauliza kama inaweza kuwekwa kwenye flashi, nikaweka kwenye mbili. Habari za fundi hazikutajwa tena.

Tulipotoka nilitaka kuiweka kompyuta nyuma ya pikapu. Akakataa katakata. Akaifunika kwa koti lake na kuifunga mkanda kwenye kiti cha mbele. Mimi nimesafiri kutoka Kilosa mpaka Mikumi nyuma, na viti vya plastiki, nikirushiwa matope njia nzima.

Kesho Bibi atakohoa na ukumbi mzima utaiamkia spika. Nitajitahidi nisicheke. Kulia, hapo sijui.